Kilio cha Mrithi wa Drumfallow

Siku Grizel Lundie aliposhikwa na uchungu, wanaume watatu walivuta viti mpaka nyuma ya mlango wa chumba chake, wakakaa kusikiliza. Hawakuja kumwombea, ingawa mmoja wao alikuwa mchungaji. Walikuja kusikia kama mtoto atalia.

Ndivyo ilivyokuwa Uskoti enzi hizo kwa watu wenye ardhi na nyumba za mawe. Mwanamke aliyerithi ardhi akifa, mume wake hana chake pale. Anafungasha nguo zake na kurudi alikotoka. Ila kama walizaa mtoto, na mtoto huyo akasikika akilia ndani ya kuta nne za nyumba, hata awe amelia mara moja tu akafa, basi mume anaikalia ardhi ile mpaka siku yake ya kufa. Mtoto asiposikika, sheria inasema hakuzaliwa mtu. Anaweza kuwa alipumua, anaweza kuwa alifungua macho akamtazama mama yake, haidhuru, hakuzaliwa. Aliyetunga sheria hiyo simjui, lakini naapa hakuwahi kubeba mimba.

Na kwa kuwa wanaume hawaingii chumba cha uzazi, na neno la mkunga halikuaminiwa na mtu, maana mkunga huapa upande unaomlisha, ikawa desturi kuweka viti nyuma ya mlango. Kila upande unaleta mtu wake, na anakaa hapo hata kama ni kutwa nzima, kimya, masikio yamesimama. Mwanamke anapasuka ndani, wao wanasubiri sauti moja tu, na si yake.

Aliyekaa karibu zaidi na mlango alikuwa Ninian, mume wa Grizel. Alikuwa mtoto wa pili katika nyumba isiyokuwa na kitu cha kumpa mtoto wa pili. Alifika Drumfallow, kwenye ardhi ya kina Lundie, na farasi mmoja na koti zuri, hana mbele wala nyuma, na kwa sharti la baba mkwe wake alivua jina la ukoo wake akavaa la mkewe, ili jina la Lundie lisife. Wakulima waliopanga mashamba ya Drumfallow walikuwa wakimcheka kwenye pombe yao ya shayiri, wakisema bwana mpya hakuoa, kaolewa. Maneno hayo alikuwa anayajua. Ndiyo maana alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti kubwa kuliko wenzake, na siku ile hakucheka.

Wa pili alikuwa Gavin Lundie, mdogo wa marehemu baba yake Grizel, mzee mwembamba aliyekuwa akiisubiri nyumba ile tangu utoto wake kama mtu anayesubiri sahani ya nyama imfikie mezani. Wa tatu ni Mchungaji Hew, aliyeitwa ili baadaye pasiwe na ubishi.

Ndani ya chumba walikuwamo wanawake watatu tu. Kwa kawaida wake wa majirani hujaa mpaka pa kukanyaga panakosekana, lakini theluji ilikuwa imeziba njia zote isipokuwa kwa mtu wa farasi. Kwa hiyo alikuwepo Grizel kitandani, mkunga Bessie Tod, na Marion.

Marion alikuwa mdogo wake Grizel, tumbo moja. Hakuolewa, na umri wa kuolewa ulikuwa umeshampita akiwa jikoni na ghalani. Baba yao, mzee Walter, aliifunga ardhi kisheria kabla ya kufa isije ikagawanywa vipande vipande: kwanza yote iwe ya Grizel, kwa kuwa ndiye mkubwa, Grizel akifa bila mtoto, yote iende kwa Marion, na Marion akifa, kwa Gavin. Hayo yaliandikwa na watu wasomi. Ambalo halikuandikwa ni kwamba Grizel hakuwahi kujua shamba lipi linatuamisha maji, wala mpangaji gani ana mke mgonjwa. Hayo aliyajua Marion. Grizel alirithi, Marion akafanya kazi, na funguo za nyumba nzima zilining'inia kiunoni mwa Marion tangu mama yao alipofariki.

Siku ile funguo hazikuwepo. Mwanamke akiwa na uchungu, kila kufuli nyumbani hufunguliwa, kila fundo hulegezwa, nywele za waliomo chumbani hufumuliwa, mtoto asije akakwama. Funguo zote zilikuwa juu ya meza ya ukumbini, na Marion alipopapasa kiuno na kukikuta kitupu, alijihisi kama yuko uchi mbele za watu.

Na alikuwa na sababu ya kupapasa. Wiki chache kabla ya hapo, wakiwa mezani, Ninian alimwambia kwa upole kabisa kwamba mtoto akizaliwa Grizel atazishika funguo mwenyewe, na kwamba kuna binamu yao huko Fife mwenye watoto wengi na hana wa kuwafundisha kushona. "Utapumzika, shemeji," alisema, akamkatia nyama. Marion alikula nyama ile. Aliitafuna mpaka ikawa kamba mdomoni, akaimeza, akashukuru. Grizel aliinamisha macho kwenye sahani yake wala hakumtetea mdogo wake kwa neno hata moja, na hilo ndilo donge lililomkaa Marion kooni kuliko maneno ya shemeji yake.

Asubuhi ya uchungu, wakati anapanda ngazi na maji ya moto, baba yake mdogo Gavin alimsimamisha kwenye kona ya ngazi. Alimweleza, kama kwamba Marion hajui, kwamba Grizel ana hali mbaya na huenda asipone. Kwamba mtoto akisikika, hata kama atakufa hapo hapo, Ninian ataikalia Drumfallow maisha yake yote, na ni kijana mwenye afya ya farasi. Ataukata msitu wa mialoni. Ataleta mke mwingine, na mke huyo atakaa kwenye kiti cha mama yao. Marion alimwambia ampishe, maji yanapoa.

"Mimi sikwambii ufanye kitu, mwanangu," Gavin alisema. "Nakwambia tu mtoto dhaifu asisumbuliwe."

Akampisha.

Mtoto alitoka mchana, ametanguliza miguu, na nyuma yake ikaja damu ambayo hata Bessie Tod, aliyezalisha nusu ya parokia ile, ilimtoa rangi usoni. Alimpokea mtoto, akakata kitovu, akamsukumia Marion mikononi. Alimwambia amsugue mgongo, ampulizie puani, ampige kofi nyayoni mpaka apige kelele. Kisha akageukia ile damu na shuka, wala hakutazama nyuma tena.

Marion akasogea karibu na moto na mtoto wake wa kupewa. Alikuwa wa kiume. Alikuwa mdogo, amelegea, rangi yake ni ile ya vidole vya mtu aliyeokota mawe kwenye theluji. Lakini alikuwa anapumua. Mbavu zake zilipanda na kushuka, taratibu, mtu angeweza kuziona vizuri. Nyuma ya mlango kiti kililia, na sauti ya Ninian ikauliza kama amezaliwa. Bessie akajibu amezaliwa, wanyamaze.

Basi wakanyamaza, na Marion akaujua ukimya ule ni wa nini.

Alitakiwa kumpiga kofi nyayoni. Ni kitu kidogo, kila mwanamke amekiona kikifanywa. Aliinua mkono, na mkono haukwenda. Alijiambia mtoto dhaifu asisumbuliwe. Alijiambia atapigwa akishapata joto kidogo. Akamfunika kwa shuka lake la sufu, akamlaza kifuani pake, akawapa mgongo wa kitandani.

Lakini joto nalo lilifanya kazi ya kofi. Rangi ilianza kumrudi mtoto mashavuni. Alikunja vidole. Alikunja uso, paji lote, kidevu kikatetemeka, na mdomo ukafunguka. Uso ule hauhitaji kuelezwa. Aliyewahi kushika kitoto kichanga anajua kinachofuata. Marion alijua. Akamkumbatia. Akambana kwa mikono yote miwili, kile kinywa kidogo kikiwa ndani ya sufu, dhidi ya mfupa wa kifua chake, na mtoto akalia humo humo.

Aliisikia sauti hiyo mwilini kuliko alivyoisikia masikioni. Sauti nyembamba, yenye hasira, ya mtu aliyedhulumiwa. Ikaja tena, fupi zaidi. Kisha hakukuja kitu, na Marion akaendelea kubana, macho yake kwenye moto, mpaka mikono ikaanza kumuuma. Alipolegeza, mbavu hazikuwa zikipanda wala kushuka.

Hakukusudia kumwua. Alikusudia anyamaze, na alinyamaza.

Ninian alikuwa ameshasimama. Sauti yake ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa mlango, na haikuwa sauti ya kibwana hata kidogo. "Bessie, mpige. Mpige, alie. Nimsikie hata mara moja."

"Hakulia," Marion alisema. Akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka wima. "Alizaliwa amekufa, shemeji. Pole."

 Nje, Gavin akasafisha koo, akamgeukia mchungaji, akamwomba awe shahidi kwamba hawakusikia kitu. Mchungaji Hew alikubali kwamba hakusikia kitu. Ninian alibaki amesimama, paji la uso kwenye mlango, mpaka walipomshika mkono wakamshusha chini.

Sasa hapo ndipo mambo yalipokwenda upande. Yote yale yalifanyika kwa sababu Grizel alikuwa anakufa, na Grizel hakufa. Bessie Tod aliikomesha damu ile kwa vitambaa na ngumi na matusi, na kufika jioni mgonjwa alikuwa amefumbua macho, anaomba maji. Gavin alipanda farasi wake akarudi kwake na uso mrefu kama safari yenyewe. Marion alikaa kwenye ngazi akilia kwa furaha kwamba dada yake yuko hai, na ilikuwa furaha ya kweli, na katikati ya furaha hiyo akakumbuka alichofanya na kwamba amekifanya bure.

Alimfuata Bessie jikoni, akamwuliza kwa kuzungukazunguka kama mtoto yule angeishi. Bessie alikuwa anaosha mikono. Alisema hangefika jioni, hata angepewa nini. Alilisema bila kuinua macho, na Marion hakuthubutu kumwuliza mara ya pili.

Mtoto asiyesikika hana jina. Hazikwi ndani ya kanisa, chini ya jiwe la kina Lundie, walikolala babu na bibi zake wote mikono imekunjwa vifuani. Anawekwa nje, upande wa kaskazini usiopata jua, pamoja na wazururaji waliookotwa mtoni. Walimtia kwenye sanduku la mishumaa. Ardhi ilikuwa imeganda, mchimba kaburi akapiga sururu mpaka mikono ikatoka malengelenge, na mwisho wakaridhika na shimo la magotini. Ninian alilibeba sanduku mwenyewe kwapani. Marion alimwona dirishani, akitembea peke yake kwenye theluji, kofia mkononi.

Baadaye homa ikaja, ile homa inayowafuata wanawake waliojifungua. Haikumwua Grizel mara moja. Ilimla kidogo kidogo, ikimwachia asubuhi na kumrudia mchana. Marion ndiye aliyemuuguza. Alimlisha uji wa shayiri kwa kijiko, akambadilisha mashuka, akamchana nywele zilizokuwa zikitoka na kitana. Na Grizel alikuwa akimwuliza.

"Alilia?"

"Hapana, dada."

Kesho yake tena. Alilia? Hapana. Akamwuliza akiwa na akili timamu, akamwuliza akiwa anaweweseka. Halafu akaacha kuuliza. Akawa anamtazama tu Marion akizunguka chumbani, hasa anapompa mgongo.

Na Marion, haki ya Mungu, hakuwa mwanamke wa moyo mmoja siku hizo. Funguo zilikuwa zimerudi kiunoni. Homa ilikuwa inapanda. Kama Grizel angekwenda sasa, hakuna mtoto aliyesikika, na Drumfallow ingekuwa yake. Hakulitaka wazo hilo, lakini lilimjia lenyewe akiwa anashuka ngazi, nalo lilikuwa tamu. Siku moja alijikuta amekaa kwenye kiti cha baba yao ukumbini, mikono juu ya egemeo, anatazama jinsi chumba kinavyoonekana kutoka pale. Siku nyingine aliwazuia wakata miti wa Ninian wasiingie msitu wa mialoni, na walimtii. Ninian alipata habari, akanyamaza. Alikuwa ameacha kucheka kabisa. Alikaa mezani kama mgeni aliyekwisha kuaga na farasi wake bado hajaletwa.

Kila mara Marion alipofika katika utamu wa namna hiyo, kile kilio kilimrudia. Hakikumjia masikioni. Kilikuwa pale pale kifuani kilipoingia, na alikuwa akisimama, amekunja mkono juu ya mfupa, mpaka kipite.

Siku Bessie aliposema sasa bado kidogo, jua lilikuwa kali juu ya theluji na chumba kilijaa mwanga. Mchungaji Hew alikuja kusali na mgonjwa. Mzee Gavin naye aliitwa aje kuagana na mtoto wa kaka yake. Waliingia mmoja mmoja, wakatoka. Dirisha lilifunguliwa, na mlango ukaachwa wazi kiasi cha mkono kupita, kama inavyofanywa kwa mtu anayekata roho, ili roho isije ikahangaika kutafuta pa kutokea. Baridi ilikuwa inaingia. Marion alitaka kuurudisha mlango, Grizel akamwambia auache, yeye yuko njiani. Marion akauacha. Ni desturi, nani angeushuku mlango ulio wazi katika chumba cha mtu anayekufa?

Akakaa kitandani, akamshika mkono. Ulikuwa mwepesi na wa moto.

Grizel alimwomba amsimulie mtoto, kwa kuwa yeye hakupata kumwona. Marion akamsimulia. Nywele nyeusi, zimelala upande mmoja. Vidole virefu. Sikio moja limekunjika juu, kama la baba yao. Alipolitaja sikio, Grizel alicheka kidogo, na Marion naye akacheka, na kwa muda huo walikuwa tena wasichana wawili chini ya blanketi moja, wanamsengenya baba yao.

"Na sauti?" Grizel aliuliza.

Marion alimvutia blanketi mabegani.

"Mimi nakwenda, Marion. Huko nakokwenda nitamtafuta. Nitamwitaje? Wamemwachia sanduku la mishumaa, hata jina hana. Nitasimama mbele ya Mungu niseme natafuta mtoto, aniulize mtoto gani, na mimi niseme yule ambaye hakuzaliwa?"

"Dada, usijichoshe."

"Wewe ndiye uliyemshika. Hakuna mwingine chini ya jua aliyemshika akiwa na joto. Niambie tu mimi. Alilia?"

Marion alijikaza. Alikuwa amejikaza siku zote hizo, na angeweza kujikaza saa moja zaidi. Saa moja tu ndiyo iliyokuwa imebaki kati yake na nyumba. Alitazama dirishani, akauona msitu wa mialoni, mweusi juu ya weupe. Alitazama mkono wa dada yake. Maneno yalimtoka kabla hajayaruhusu.

"Alilia."

"Sema vizuri. Masikio yangu yanavuma."

"Alilia, dada. Alilia hapa kifuani kwangu, mara mbili, nikamziba wasimsikie. Alikuwa hai kabisa, na alilia."

Alipokwisha kusema, akainamisha kichwa kwenye blanketi, akalia kwa kwikwi, mwili wote ukitikisika. Alisubiri mkono wa Grizel ushuke juu ya nywele zake. Haukushuka. Alichosikia ni sauti ya dada yake, ile ile aliyokuwa akiitumia baba yao kuwaita watumishi kutoka juu ya ngazi, kavu na ya kufika mbali.

"Mmesikia?"

Mlango ukasukumwa taratibu. Viti vilikuwa vimerudi mahali pake. Ninian alikuwa amekaa karibu kabisa, uso mweupe. Mchungaji Hew alikuwa kando yake. Na baba mdogo Gavin naye alikuwepo, kofia magotini, mtu aliyeletwa kuaga na akaambiwa akae kidogo. Mzee aliyekuwa na kila sababu ya kusema hakusikia, na mchungaji yuko ubavuni mwake.

"Tumesikia," alisema Mchungaji Hew.

Gavin aliigeuza kofia magotini. "Tumesikia," akasema na yeye.

Mwanamke anayekiri dhidi ya faida yake mwenyewe, mbele ya mzee ambaye naye anapoteza, hakuna jaji wa kumkatalia. Grizel alilijua hilo. Alikuwa binti mkubwa wa Walter Lundie, si bure.

"Nilikuona mgongo siku ile," alimwambia Marion. Sauti ilikuwa imeshuka tena, ya mgonjwa. "Bessie alidhani nimezimia. Nilikuona mabega. Mtu habani maiti namna ile."

Marion aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi.

"Mimi nyumba sina haja nayo, gawaneni mtakavyo. Nilitaka mwanangu aitwe Walter."

Akageuza uso ukutani, na hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia. Alikufa kabla jua halijaondoka dirishani, mkono wake mikononi mwa Ninian. Marion alikuwa amesimama karibu na moto, mahali pale pale, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aende wapi.

Lilibaki suala la mtoto kuzibwa kwa shuka na kifua, na kwa suala hilo wanawake wa Uskoti wakati huo walikuwa wakinyongwa hadharani. Watatu wale walikaa ukumbini wakashauriana. Bessie aliitwa akaapa kwamba mtoto hangefika jioni. Gavin akasema katika ukoo wa Lundie hajapata kunyongwa mtu. Ninian akasema yeye aliuza jina la baba yake kununua hili, hataki lipelekwe kwenye kitanzi. Mchungaji alisali sana, kisha akakubali waape kwa lile tu ambalo sheria inauliza: kwamba mtoto alilia ndani ya kuta nne. Hivyo jina la Lundie likamwokoa Marion, lile lile alilolifanyia yote. Hakushukuru. Kama wangemwuliza, angewaambia wamnyonge, lakini hawakumwuliza.

Walikwenda upande wa kaskazini, wakalifukua sanduku la mishumaa. Barafu ilikuwa imemhifadhi mtoto. Jiwe la kina Lundie likainuliwa kwa vyuma, mama akashushwa, na mtoto akawekwa kwenye mkono wake, na fundi mawe akachonga jina la Walter chini ya jina la babu yake. Marion aliruhusiwa kusimama mlangoni mwa kanisa.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, farasi aliletwa uani kumpeleka Fife. Marion alishuka na kifurushi kimoja. Alikwisha fungua mkanda, akamkabidhi Ninian funguo zote, akimweleza ipi ni ya ghala na ipi hukwama wakati wa mvua. Ninian alizipokea bila kuzitazama. Tangu siku ile alikuwa hajasema naye. Watumishi walikuwa wamesimama uani, wakijifanya wana kazi.

Marion aliposhika hatamu, Ninian alikuja karibu.

"Alilia vipi?"

Marion hakumwelewa, au alimwelewa akaomba iwe vingine.

"Wote tumeapa kwamba alilia," Ninian alisema. "Mimi nimekula kiapo cha sauti ambayo sikuisikia. Nakaa kwenye nyumba yake. Kati ya watu wote ni wewe tu uliyemsikia mwanangu." Akasogea zaidi. "Niigizie."

"Shemeji, nakuomba."

"Niigizie, kisha nenda."

Hapakuwa na pa kukimbilia. Marion aliachia hatamu. Akaweka mkono kwenye mfupa wa kifua, akafumba macho, akafungua mdomo. Sauti ilitoka nyembamba, yenye hasira. Farasi akainua masikio. Watumishi wakaacha kujifanya. Ninian alikuwa ameinama mbele, kichwa upande, kama alivyokaa siku ile kwenye kiti, na machozi yakimshuka bila kuyafuta.

"Mara mbili," alisema. "Ulisema mara mbili."

Marion akalia mara ya pili, fupi zaidi, akaikata pale ilipokatika. Ninian alisubiri kidogo kuona kama kuna nyingine. Kisha akaingia ndani na funguo zake, akafunga mlango.